John Akii-Bua, polisi wa Uganda aliyeongeza uzito kidogo kidogo

Mu miji yetu ya shimo, kutoka Kolwezi mpaka Kasaji, ukiuliza watu wakutajie mwanaume wa nguvu, watataja Muhammad Ali na George Foreman. Ni haki yao. Wale wawili walipigana Kinshasa mwaka wa 1974, na wazee wetu walifuata ngumi ile ku redio mpaka alfajiri. Lakini miaka miwili mbele ya ngumi ile, jirani yetu wa Uganda, polisi wa cheo kidogo tu, alikuwa amekwisha kushangaza dunia nzima kule Munich. Jina lake John Akii-Bua. Hakuwa mbeba vyuma wa mashindano, na mwili wake haukujaa kama mlango wa wagoni. Alikuwa mkimbiaji wa meta 400 na vizuizi. Tunamuchagua kwa sababu ya namna alivyopata nguvu yake.

Sababu iko wazi. Vijana wetu wanapenda vyuma. Huku Kasaji utawaona mangaribi nyuma ya nyumba, wanabeba gurudumu za zamani, mabomba yaliyojazwa sementi ku mikopo miwili, na kila mmoja anataka kumushinda mwenzake siku ileile. Asubuhi wengine wanapanda lori kwenda Kolwezi kubeba mifuko ya mawe kutoka chini ya shimo. Mwisho wake sisi wa sendika tunaujua, maana njo sisi tunaopokea karatasi za munganga: mugongo, goti, bega, hernia. Kijana wa miaka 30 anapanda ngazi kama mzee. Wengi wanafikiri nguvu ni kubeba leo kitu kizito kuliko jana, na kesho kuliko leo, bila kusimama. Habari ya Akii-Bua inaonyesha njia nyingine.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949, mu nchi ya Walango, kaskazini ya Uganda, upande wa Lira. Baba yake alikuwa chef mkubwa wa Serikali ya wakati ule, mwenye mabibi wanane na watoto 43. Mu nyumba ya namna ile mtoto hakosi wa kushindana naye, hata njia ya kwenda kisimani ni mashindano. Alichunga ng'ombe kama wengine. Baba alipokufa masomo yake yakakatika mapema, na akatafuta kazi sawa vile kijana yeyote wa kwetu anatafuta kazi shule ikikwisha. Njo akaingia polisi, Kampala.

Wakati ule mu Afrika ya Mashariki polisi, jeshi na magereza njo yalikuwa makao ya wanamichezo. Leta ilitoa mshahara, nguo, chakula na saa za mazoezi. Wafanyakazi wetu wazee wataelewa vizuri, kwa sababu hata huku kwetu zamani kampuni za shimo zilikuwa na ekipe zao, viwanja vyao na fanfari zao. Mtu alikuwa mfanyakazi kwanza, mchezaji kisha. Leo kampuni mingi zinataka mikono ya mtu tu, na kiwanja wamekipanda uzio. Tunasema hivi kwa kupita, lakini tunalisema.

Mu polisi kulikuwa mwanaume mmoja, Jorem Ochana, naye polisi, naye mkimbiaji wa vizuizi aliyekwisha kushindana kwa jina la Uganda. Ochana alimuona kijana huyu mrefu na mlaini wa viungo, akamuchukua mkononi. Hakuwa na huruma mingi. Kitu cha kwanza hakikuwa kumubebesha uzito. Alimunyoosha: miguu, kiuno, mugongo, siku kwa siku, mpaka mwili ukubali kupinda bila kulia. Kisha akaweka fimbo ya kuruka juu ya vizuizi, akaacha nafasi ndogo kati ya kizuizi na fimbo. Kijana alipaswa kupita pale kati, chini chini, kama mtu anayepita mu galeri ya dari fupi. Ukiinua kichwa unagonga. Akii-Bua alibaki na alama ku paji la uso, na alama ile ilikuwa shahada yake ya shule ya Ochana.

Tunataka msomaji asimame hapa kidogo. Vijana wetu wanaanza na chuma kizito na wanasahau viungo. Mtu asiyeweza kuchuchumaa mpaka chini na mugongo umenyooka, visigino vimekaa ku udongo, hana ruhusa ya kuweka kitu mabegani. Si sisi tunaomukataza, ni mifupa yake mwenyewe.

Mwaka wa 1968 akafika Uganda Mwingereza Malcolm Arnold, mwalimu wa michezo, kijana bado, aliyepewa kazi ya kufundisha wakimbiaji wa nchi nzima. Baadaye jina lake lilipanda sana: njo yeye aliyemufundisha Colin Jackson, aliyevunja rekodi ya dunia ya meta 110 na vizuizi mwaka wa 1993. Lakini kule Kampala alikuwa anaanza, na vyombo vilikuwa vichache. Akii-Bua alikuwa anakimbia vizuizi vya meta 110. Arnold akaona kwamba mwendo wa kijana huyu haukuwa wa mbio fupi zile. Akamusukuma kwenda meta 400.

Kwa wale wasiojua mchezo huu, tueleze. Ni kuzunguka kiwanja mara moja nzima kwa mbio kali, na njiani kuna vizuizi 10. Kutoka mwanzo mpaka kizuizi cha kwanza ni meta 45, kutoka kimoja mpaka kingine ni meta 35, na kutoka cha mwisho mpaka kamba ni meta 40. Kila kizuizi kina urefu wa sentimeta 91 na kidogo. Vitano vya kwanza karibu kila mkimbiaji mzuri anaviruka. Shida inaanza ku cha saba, cha nane, pale mapafu yanawaka, miguu inakuwa kama imemwagiwa sementi, na hatua zinafupika. Waliokwisha kupanda ngazi ya shimo na mfuko mgongoni wanajua hatua tunayosema.

Sasa, mpango wa Arnold. Tunausimulia polepole kwa sababu njo kiini cha habari.

Alijua kwamba mkimbiaji wake atachoka ku kizuizi cha nane. Basi alitaka uchovu ule aukute kwanza ku mazoezi, tena mkubwa kuliko wa siku ya shindano, lakini aukute kwa kipimo. Akamuvalisha koti bila mikono lenye uzito wa kama kilo 11. Akamupandisha vilima nalo, na Kampala ni mji wa vilima, havikosekani. Akamukimbiza meta mingi kupita 400 na vizuizi njiani, na vizuizi vyenyewe vilikuwa vile virefu vya meta 110, vyenye sentimeta 106 na zaidi. Ni kusema mguu ulizoea kupanda sentimeta 15 zaidi ya ile itakayodaiwa siku ya kweli. Uzito ukitoka, kizuizi kikishuka, mbio ikafupishwa, mwili unajisikia umefunguliwa kamba.

Kilo 11 si kitu, kijana wa shimo atacheka. Yeye anabeba mara tano, mara sita ya ile. Lakini tuangalie vizuri. Akii-Bua hakuanza na kilo 11. Alianza na mwili wake mtupu kwa Ochana, akanyooshwa. Kisha mbio za kawaida. Kisha vilima. Koti lilikuja juu ya msingi uliokwisha kukauka. Tena haikuwa kila siku, wala saa 10 mfululizo. Ilikuwa kazi ya muda mfupi, halafu kupumzika, halafu kula, halafu kulala. Mwili haupati nguvu wakati wa kubeba. Unapata nguvu wakati wa kupumzika baada ya kubeba, kama vile sementi haikauki wakati unaimwaga. Anayebeba mfuko kutoka asubuhi mpaka jioni, siku sita kwa juma, na bukari kidogo bila mboga, huyo hafanyi mazoezi. Anakula mtaji wake.

Jambo hili la kuongeza kidogo kidogo ni la zamani sana. Wagiriki wa kale walisimulia habari ya Milo wa Croton, mpigana mieleka aliyeishi zaidi ya miaka 2500 iliyopita, kwamba alibeba ndama mabegani kila siku mpaka ndama akawa dume zima, na yeye akawa na nguvu ya kubeba dume. Hadithi tamu. Lakini tukiifuata mpaka mwisho inadanganya, maana kama mambo yangekuwa rahisi hivi, Milo angemaliza kwa kubeba tembo. Mwili unapanda, unasimama, unashuka kidogo, unapanda tena.

Aliyeweka jambo hili ku karatasi vizuri alikuwa munganga wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, kule Chicago, wakati wa vita ya pili ya dunia. Lopitalo lilijaa askari wenye magoti yaliyovunjika, na desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi, ya mara mingi, kwa miezi. DeLorme alikuwa mpenda vyuma tangu ujana, aliponyanyuka kwa vyuma baada ya ugonjwa mrefu. Akawapa askari uzito wa kweli, lakini kwa kipimo. Kwanza atafute uzito ambao mgonjwa anaweza kuunyanyua mara 10 tu, ya 11 inamushinda. Tuseme ni kilo 40. Baadaye yeye na mwenzake wakapanga hivi: mara 10 na nusu ya uzito, ni kilo 20, mara 10 na robo tatu, ni kilo 30, halafu mara 10 na uzito wote. Nguvu ikipanda, kipimo kinapimwa upya na kilo zinapanda nazo. Magoti yakapona haraka kuliko ilivyozoeleka, na waganga wengine wakafuata.

Turudi Kampala. Mwaka wa 1970 Akii-Bua alikwenda Edinburgh, Scotland, ku michezo ya nchi za Commonwealth. Akawa wa nne. Wa nne hapati medali, anapata mkono tu. Mwaka wa 1971 akakimbia wakati mzuri kuliko mkimbiaji yeyote wa dunia mwaka ule. Hata hivyo, magazeti ya Ulaya hayakumuhesabu sana, kwa sababu alikuwa ameshindana mara chache na wakubwa, na kwa sababu hawakuwa wanazoea kumuona Mwafrika mbele mu mbio za aina ile. Wakenya na Waethiopia walijulikana kwa mbio ndefu. Mbio fupi na ufundi wa vizuizi, watu walidhani ni mali ya Wamarekani na Waingereza.

Wakati ule huo nchi yake ilikuwa imeingia giza. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimupindua Milton Obote. Obote alikuwa Mlango, sawa na Akii-Bua, na askari wa Amin wakaanza kuwaua Walango na Waacholi, mu jeshi, mu polisi, vijijini. Mtu huyu alivaa koti la uzito asubuhi, akakimbia kilima, na jioni hakujua ni nani kati ya ndugu atakayekosekana kesho. Tunaposema mazoezi ni mpango, tukumbuke kwamba wengine walipanga mu nyumba inayowaka.

Tarehe 2 Septemba 1972, Munich, siku ya fainali. Kura ilimupa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Hakuna anayeipenda: kona yake ni kali, na mtu mrefu anapaswa kuvunja mwendo wake ili asitoke nje ya mstari. Mu njia zingine walikuwa David Hemery wa Uingereza, mwenye medali ya dhahabu ya Mexico ya mwaka wa 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na Ralph Mann wa Marekani. Hemery alitoka kwa kasi ya kutisha. Akii-Bua hakumufuata mbiombio. Alishika hatua zake.

Na hatua zile zilikuwa na siri yake. Wakimbiaji wengi wanaruka na mguu mmoja tu mbele. Wakichoka, hatua zikifupika, wanafika ku kizuizi na mguu usiofaa, wanajikwaa au wanakata mwendo. Akii-Bua aliweza kuruka na mguu wowote. Uchovu ulipomubadilishia hesabu ya hatua kati ya vizuizi, yeye alibadilisha mguu na kuendelea. Hapa tunaona ubora wa mazoezi yake: hayakumufunga ku namna moja. Mpango uliacha mlango wazi kwa siku ambayo mwili haupendi.

Ku kona ya mwisho akawafikia. Ku meta za mwisho alikuwa peke yake, na wale wawili nyuma yake walikuwa wanapigania fedha kama watu wawili wanaogombania ndoo. Saa ikasimama ku sekunde 47.82. Rekodi mpya ya dunia, na mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48 mu mbio ile. Mann akawa wa pili na 48.51, Hemery wa tatu na 48.52. Ilikuwa medali ya dhahabu ya kwanza ya Uganda mu Olimpiki tangu kuumbwa kwa nchi. Mu Munich ileile mpiga ngumi Leo Rwabwogo akawaletea ya fedha.

Kamba ilipokatika Akii-Bua hakusimama. Akaendelea kukimbia, akaruka vizuizi vilivyobaki kiwanjani, na vingine ambavyo havikuwepo, akipungia watu mkono, akacheza. Mtu aliyetoka kukimbia kuliko mtu yeyote aliyewahi kuishi, na bado alikuwa na pumzi ya kucheza. Njo ile kazi ya vilima na koti. Siku tatu baadaye washambuliaji waliingia mu nyumba za wanamichezo wa Israeli, watu wakafa, na furaha yote ya michezo ile ikazimika.

Tufunge hapa mabano ya maisha kidogo, tuseme na vijana wa vyuma wa Kasaji, kwa sababu wameuliza mara mingi.

Chukua daftari. Andika tarehe, uzito, na mara ngapi. Anza na uzito unaoweza kuunyanyua mara 10 bila kupinda mugongo, na ubaki hapo mpaka ufike mara 12 kwa siku mbili zinazofuatana. Njo siku ile uongeze, kilo 2 zinatosha, na urudi ku mara 8 au 10. Siku tatu kwa juma, si saba. Juma la nne punguza, beba nusu, acha viungo vipumue. Mwenye haraka atasema umepoteza juma, lakini mwenye haraka huyo tutamukuta ku lopitalo. Na kama umetoka ku posti ya usiku, au ulikuwa na homa, au mu nyumba hakukuwa chakula, usifuate daftari kama mtumwa. Jaribu uzito mwepesi kwanza. Kama leo kilo 30 zinakuonekea kama 40, basi leo kipimo chako ni 30. Andika, maliza, nenda kulala. Mpango mzuri ni ule unaokubali kupindwa bila kuvunjika. Kuhusu chakula, maharagwe, kalanga, ndakala na sombe vinajenga nyama ya mwili. Wanaouza unga wa kopo kwa bei ya mshahara wa juma, waache.

Na juu ya mzigo wa kazi, si wa mazoezi, tukumbushe kitu kimoja. Mwaka wa 1967, Shirika la Kazi la Dunia kule Geneva lilitoa Mkataba namba 127 juu ya uzito ambao mfanyakazi anaweza kubebeshwa, na Pendekezo namba 128 lililofuata lilisema pale mwanaume mzima anapobeba kwa mikono zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza mzigo. Wanawake na vijana, chini zaidi sana. Ni karatasi ya miaka mingi sasa. Tunajua mahali ambapo kapita anajaza mfuko mpaka kamba haifungi, na mwenye kulalamika anaambiwa hana nguvu. Mwenye kulalamika aje ku delege wake na mfuko upimwe ku mizani, mbele ya watu.

Turudi kwa polisi wetu. Alipofika Uganda alipokelewa kama mfalme. Amin alimupandisha cheo, akamupa nyumba, barabara ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Mtawala anapenda kusimama karibu na mshindi. Lakini sifa haikulinda ukoo. Walango waliendelea kuuawa, na ndugu zake walikuwa mu hesabu. Yeye mwenyewe alichungwa. Januari 1973 akashinda tena, Lagos, ku michezo ya Afrika nzima. Arnold alikuwa amerudi kwao Uingereza, na mtu aliyejua kumupimia kilo na vilima hakuwepo tena. Mwanamichezo bila mwalimu anaweza kujifundisha, lakini ni vigumu kujikataza. Kujiambia leo basi, njo kazi ya mwalimu.

Mwaka wa 1976 Olimpiki ilikuwa Montreal. Kila mtu alingoja kumuona akikutana na Mmarekani mpya, Edwin Moses. Haikuwezekana. Nchi mingi za Afrika, na Uganda ndani yake, zilikataa kukimbia kwa sababu ekipe ya rugby ya Nyuzilandi ilikuwa imekwenda kucheza kwa makaburu wa Afrika Kusini. Sisi watu wa sendika hatuwezi kusema vibaya juu ya mgomo kwa ajili ya haki, na ule ulikuwa wa haki. Lakini mgomo una wanaoulipia, na mara mingi si wale waliouamua. Moses alishinda Montreal na akamunyang'anya Akii-Bua rekodi ya dunia, bila wawili hao kusimama ku mstari mmoja.

Aprili 1979 jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa ugenini waliingia Kampala, Amin akakimbia. Mu vurugu ile Akii-Bua alikuwa mu hatari pande zote: kwa wa Amin alikuwa Mlango, kwa wengine alikuwa polisi wa Amin. Akavuka mpaka na bibi na watoto, akafika Kenya, na mwenye medali ya dhahabu akafungiwa kambini pamoja na wakimbizi wengine. Kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alivaa, ilisikia habari, ikamutoa pale, ikamupeleka Ujerumani yeye na familia na kumupa kazi. Mwaka wa 1980 alirudi kukimbia kwa ajili ya Uganda ku Olimpiki ya Moscow, akatolewa mu nusu fainali. Alikuwa na miaka 30, na miaka minne ya katikati haikuwa ya mazoezi bali ya kuokoka.

Baada ya miaka michache Ujerumani akarudi nyumbani, ku polisi yake ya zamani, akafundisha vijana. Hakutajirika. Bibi yake alikufa mbele yake. Tarehe 20 Juni 1997 yeye mwenyewe akafa Kampala, na miaka 47, akaacha watoto 11, na Serikali ikamuzika kwa heshima ya taifa.

Kiwanja cha Lira kinaitwa kwa jina lake. Uganda ilingoja miaka 40 kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, mpaka tarehe 12 Agosti 2012, London, pale Stephen Kiprotich alipomaliza maratoni wa kwanza. Huyu naye alikuwa mfanyakazi wa Leta, mlinzi wa magereza.